Kidole Tumbo cha Wifi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Mume wangu hudai nikipewa maji ya kunywa nayanusa kwanza. Nikikuta mlango umefungwa nauliza nani kaufunga. Nikiukuta wazi, ndiyo kabisa. Kwa kazi yangu tabia hiyo haijawahi kunidhuru. Niko maabara ya hospitali. Nakata vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa, navikata vyembamba mpaka mwanga unapita, navibandika juu ya kioo, navitia rangi, kisha daktari anaviweka kwenye hadubini na kusema mtu ana ugonjwa gani au hana. Fundi asiyeshuku katika kazi hii anaweza kumuua mtu asiyemjua hata kwa sura.

Jumanne ile nilikuwa namshuku Haraka.

Haraka ni fundi mwenzangu. Tunatumia chumba kimoja, mashine moja ya kukatia na beseni moja la maji. Jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa kazi ya saa mbili yeye huimaliza kwa saa moja, halafu saa inayobaki hupiga soga. Nilihisi anatumia rangi iliyokwisha nguvu ili akwepe taabu ya kuchanganya nyingine. Kwa hiyo asubuhi hiyo nilichukua kioo cha kontroli alichokitia rangi jana yake, mapema, kabla hajavua hata koti lake, nikakaa nacho kwenye hadubini.

Kontroli ni hivi. Tunapotia rangi ya kuonyesha ute, pamoja na nyama ya mgonjwa tunaweka kipande cha nyama tunayoijua, nyama nzima isiyo na ugonjwa. Kidole tumbo kinafaa sana, maana kimejaa seli zenye ute. Seli zake zikigeuka waridi iliyokolea, tunajua rangi imeshika na majibu ya mgonjwa yanaaminika. Unatazama sekunde tano, unaandika "sawa" kwenye daftari, unasaini, unaendelea na shughuli zako. Sote tunatazama rangi. Nyama yenyewe haina anayeitazama.

Siku hiyo, kwa ajili ya kumkamata Haraka, mimi niliitazama.

Rangi ilikuwa imeshika vizuri mno, na hilo nalo likanitia shaka. Nikazungusha lenzi kubwa. Seli za ute zina mahali pake, kwenye utando wa ndani kabisa, zimejipanga mstari. Hizi nilizoziona zilikuwa zimevuka mpaka. Zilikuwa katikati ya msuli, saba hapa, kumi pale, zimebanana, kila moja imejaa ute na kiini chake kimesukumwa pembeni. Zilikuwa waridi safi, rangi ileile tuliyotaka kuiona. Nimekaa karibu na daktari miaka kumi na minne, na sura chache nimezijua. Hii ilikuwa saratani.

Nikaondoa jicho kwenye hadubini, nikalirudisha. Zilikuwa palepale. Na mimi nilijua hiyo nyama nzima isiyo na ugonjwa ilitoka kwa nani. Ilitoka kwa wifi yangu.

Wifi ni mdogo wake mume wangu, fundi cherehani, na anakaa kwetu. Miaka miwili iliyopita mama mkwe alivunjika mguu, ikaamuliwa kwamba wifi aende akamuuguze mwezi mzima. Wiki hiyohiyo aliyotakiwa kuondoka akashikwa na tumbo. Alijikunja sakafuni, akatapika, akakimbizwa hospitali, akapasuliwa na kutolewa kidole tumbo. Nyumbani wote tulitazamana. Mimi nilitazama zaidi ya wote.

Kidole tumbo hicho kikaletwa maabara kwetu kwenye kichupa. Nilikikata mwenyewe. Daktari akaangalia vipande viwili, akaandika kwamba hakina kasoro yoyote. Hapo ilikuwa nifunge mdomo, maana majibu ya mgonjwa si maneno ya sebuleni. Lakini Jumapili iliyofuata, mume wangu akiwepo, shemeji akiwepo, mama mkwe ameletwa kwetu na mguu wake ameuweka juu ya kigoda, nikamwaga kila kitu.

"Kizima," nikasema. "Nimekiona kwa macho yangu mawili. Huyu alikuwa anatuchezea sinema."

Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Wifi alikuwa amekaa pembeni na mshono wake bado mbichi, akatazama mikono yake. Tangu siku hiyo jina lake likawa Sinema. "Sinema, lete chumvi." "Sinema, wageni wamefika." Hata watoto wangu wakalishika.

Sikuishia hapo. Nyama ile ilikuwa nzuri kweli, kila tabaka mahali pake, na sisi kontroli yetu ilikuwa inakwisha. Bloku lake, yaani kile kipande cha nyama kilichogandishwa ndani ya nta, likanitamanisha. Utaratibu unaruhusu: ripoti ikishatoka, salio linaweza kutumika, mradi jina na namba viondolewe. Nikaviondoa. Nikaandika K7. Maabara hakuna aliyejua lilikotoka. Nyumbani wote walijua, kwa sababu niliwasimulia kama kichekesho. "Tumbo la Sinema limeajiriwa hospitalini," nilisema, "kuwaonyesha wenzake maana ya uzima."

Ikawa kila akisema tumbo linamuuma, mimi nahesabu kazi zilizokuwa zinamsubiri. Anaumwa siku ya kufua. Anaumwa siku ya wageni. Mwaka huu nikaanza kumshuku jambo lingine: nilimkuta akifumua mishono ya kiuno ya gauni lake na kulipanua. Mwezi uliofuata, tena. Mara ya tatu nikamwambia mume wangu, "Dada yako ana mimba, anaificha." Mume wangu akasema niache kumchunguza mtu kama askari wa mpakani. Nikaacha kusema, sikuacha kuchunguza.

Sasa nilikaa mbele ya kioo kile, na kitu kimoja tu ndicho nilichokitaka duniani: kosa liwe la Haraka.

"Haraka," nikaita. "Beseni ulilipangusa lini?"

Vipande tukishavikata tunaviweka vielee juu ya maji ya uvuguvugu vinyooke. Maji yasipopanguswa, chembe ya nyama ya mgonjwa mmoja hubaki ikielea na kujipandia kwenye kioo cha mwingine. Ni kosa la aibu, na kila fundi amewahi kulifanya, hata asipokiri.

"Asubuhi na mchana, kama kila siku. Kwani vipi, dada?"

"Kuna nyama ya mtu mwingine kwenye kontroli yangu."

Akaja akainama kwenye hadubini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na haraka.

"Hii haijaelea," akasema. "Ingekuwa imeelea ingekaa juu juu, pembeni. Hii imo ndani, msuli umeizunguka."

"Basi ulibadilisha bloku. Lile la zamani liliisha, ukachukua la mgonjwa wa kansa, ukaandika K7. Sema tu, sitakushtaki."

"Dada!"

"Sema."

Alifungua droo, akatoa bloku, akaligeuza ubavu na kunisogezea puani. Kulikuwa na alama ya msalaba mdogo iliyokwaruzwa kwa sindano. Niliikwaruza mwenyewe siku ya kwanza, kwa kushuku kwamba siku moja kuna mtu atalibadilisha. Nyama iliyobaki ndani ya nta ilikuwa nyembamba kama kucha.

"Hii si alama yako?" akauliza, na hakuwa anacheka. "Unanishuku kwa kila kitu na mimi nimezoea. Lakini uchafu wa beseni ungekuwa kwenye kioo kimoja tu, hiki cha jana. Makabati yale pale. Vitoe vya zamani uangalie."

Nilivitoa kwa hasira, nikitaka kumwonyesha. Vioo vya kontroli tunavihifadhi kwa tarehe kwenye trei za mbao. Nilianza na vya mwaka juzi. Safi. Vya mwaka jana, safi. Nikaanza kupumua. Nikaja vya mwaka huu, mwezi baada ya mwezi, safi, safi, mpaka nikafika wiki kumi na mbili nyuma. Hapo palikuwa na seli mbili za waridi ndani ya msuli. Wiki iliyofuata tano. Kisha kikundi. Kisha vikundi, na kimoja kilikuwa kimeuzunguka mshipa wa fahamu kabisa kama watu wanaoota moto. Nilitazama kioo baada ya kioo, na kila kimoja kilimuunga mkono mwenzake.

Haukuwa ugonjwa unaokua ndani ya nta, maana nyama iliyogandishwa haiugui. Ni sisi tuliokuwa tunazama. Kila siku tuliparua utando mmoja juu ya bloku, na kila siku tulishuka ndani zaidi, mpaka tukaufikia ugonjwa uliokuwa umelala chini tangu siku alipojikunja sakafuni. Daktari alipewa vipande viwili vya juu, na vya juu kweli vilikuwa vizima. Wifi alikuwa mgonjwa nusu sentimita chini ya majibu yake.

Nikafungua daftari. Siku sitini na mbili za kazi tangu seli zile zianze kuonekana, na kila siku imeandikwa "sawa". Ishirini na moja zilikuwa saini za Haraka. Zilizobaki zilikuwa zangu.

"Ni nani huyu?" Haraka akauliza nyuma yangu. Alikuwa amesoma uso wangu.

"Namba imefutwa," nikajibu, nikabeba trei kwenda kwa daktari.

Njiani nilimshuku daktari. Ripoti ile ya kwanza ina saini yake, na mwezi ujao anastaafu, keki imeshapangwa. Nilijiambia, mzee huyu atatazama, atakohoa, atasema ni mabaki ya beseni, atanirudishia trei yangu. Na sitaficha: sehemu yangu moja ilikuwa inaomba afanye hivyo.

Alitazama kioo cha kwanza, cha pili, cha tano. Hakukohoa. Alivipanga mezani kwa tarehe, akarudia tena kuanzia mwanzo. Nilisimama nikisikiliza saa ya ukutani.

"Huyu mtu ni nani?"

"Namba imefutwa, daktari."

"Aliyeifuta nani?"

"Mimi."

"Basi unamjua."

Nikatazama mlango. Ilikuwa rahisi. Kontroli hazina wenyewe, ndiyo maana tunaziandika K. Ningesema nimesahau, ni miaka miwili, mamia ya vichupa yamepita. K7 ingetupwa, kesho tungeanza K8. Haraka asingefungua mdomo, na yeye amesaini. Nyumbani ningebaki kuwa yule anayejua ukweli kwa macho yake mawili. Wazo hilo sikulifukuza mara moja. Nililiacha likae, nikaligeuza upande huu na huu, na kila nilipoligeuza nilimwona wifi ameinama juu ya gauni lake, anafumua kiuno kwa mara ya tatu, na mashavu yake yamebonyea. Mwenye mimba mashavu hayabonyei hivyo. Nilikuwa nimeyaona mashavu yale kila siku mezani, na kila siku niliyasaini sawa.

"Ni wifi yangu," nikasema.

Daktari akavua miwani.

"Anaumwa?"

"Anasema anaumwa."

"Mama, nimekuuliza anaumwa. Sikukuuliza anasema nini."

Akaniuliza kama tumbo limeongezeka. Nikamweleza habari ya gauni, na kwamba huacha nusu ya chakula chake, na kwamba mimi nilidhani analeta maringo. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunihurumia, na nilishukuru.

"Ripoti ya kwanza niliisaini mimi," akasema, akivuta karatasi. "Na hii nitaisaini mimi. Nampigia daktari wa upasuaji sasa hivi. Huenda bado ipo nafasi, huenda imeenea, hatutajua mpaka wamwone. Mlete leo. Usimwambie kwa simu."

Nilifika nyumbani saa saba mchana. Mume wangu yuko kazini, watoto shuleni. Wifi alikuwa kwenye cherehani yake dirishani, anashona sare za shule za mtu. Aliponiona saa hiyo, mguu wake ukasimama juu ya kanyagio.

"Wifi, mbona mapema? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Jiandae twende hospitali."

"Nani mgonjwa?"

"Wewe."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Leo mimi ndiye mgonjwa," akasema. "Nani kakutuma? Kaka? Ni lile la mimba, siyo? Unadhani sijui unavyonitazama kiuno? Mnataka nikapimwe ili Jumapili upate la kuwachekesha."

"Wifi, haki ya Mungu..."

"Usiape. Wewe huwa huapi, wewe huona kwa macho yako mawili."

Niliketi kwenye kigoda, kilekile cha mguu wa mama mkwe. Nikamweleza kinaganaga: kidole tumbo, bloku, vipande viwili vya juu, seli za waridi, saini zangu. Nilikuwa naongea haraka na machozi yananitoka, nayafuta kwa kiganja. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, na nikautambua mtazamo ule. Ulikuwa wangu. Ndivyo ninavyomtazama mtu ninayeamini ananidanganya.

"Unalia vizuri," akasema polepole. "Hii sinema gani, wifi?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kioo kimoja nilichokifunga kwa karatasi laini. Nikampa. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kwa vidole viwili, kama anavyoinua sindano kutafuta tundu. Kwa macho matupu kilionekana kidoa kimoja cha waridi, kidogo kuliko kifungo cha shati.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho."

"Ndicho kilichosema mimi mwongo?"

"Hakikusema hivyo," nikamjibu. "Nilisema mimi."

Akaendelea kukitazama. Baadaye akaniuliza bila kugeuka:

"Kwani kina maumivu, hiki?"

"Hapana."

"Ajabu." Akakiweka juu ya sare, taratibu, mbali na mkasi. Kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka tumboni kwake, juu ya gauni. Lilikuwa gumu na limejaa, na si ujazo wa mtoto. "Kila siku nilisubiri uniguse hapa," akasema. "Wewe ndiye mtu wa hospitali. Nilijua ukinigusa tu utaamini. Nikaogopa kukuomba, ungewaambia wenzako nimeongeza sehemu ya pili."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikaona kwamba ningeanza kulia tena naye ndiye angelazimika kunibembeleza. Nikamsaidia kuvaa viatu, kwa sababu kuinama kulimpa shida, na hilo nalo nilikuwa nimelichukua kama uvivu.

Mapokezi ya hospitali kulikuwa na foleni fupi. Wifi alikaa kwenye benchi, mimi nikasimama dirishani. Karani alikuwa mwanamke mwenye kalamu sikioni, amechoka, hakuniangalia.

"Jina la mgonjwa?"

Mungu anisamehe, jina la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa lile nililompa mimi. Lilifika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikataja jina lake, lile alilopewa na mama yake, na la baba, na la babu, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu kwenye benchi wakageuka. Wifi naye akainua kichwa. Kwa miaka miwili hakuwa amelisikia kinywani mwangu.

"Uhusiano?"

"Wifi yangu."

"Anasumbuliwa na nini?"

Kalamu ilikuwa inasubiri juu ya karatasi. Nyuma yangu wifi alikuwa ananitazama, mikono yake ameifumbata tumboni, anasubiri kusikia nitasema nini.

"Anaumwa tumbo," nikasema. "Andika miaka miwili."